Nilivyomsomea Mwalimu Skrini

Mtu aliyenifundisha kazi ya kompyuta alipoanza kupofuka, alisingizia uchafu. Alisema skrini za kiwanda chetu zinashika mafuta, na hilo lilikuwa kweli kwa kiasi fulani, kwa sababu tulikuwa tunatengeneza sabuni, na hewa ya upande ule wa Thika iliacha utando juu ya kila kitu. Kila asubuhi alitoa kitambaa mfukoni, akapangusa kioo, akarudi nyuma kidogo, akatazama, akapangusa tena. Mimi nilikuwa meza ya pili. Niliona ni usafi tu.

Tulimwita Mwalimu kwa sababu alikuwa amefundisha hesabu shule ya sekondari kabla ya kuja kiwandani. Alikuwa mrefu, mwenye sweta za kufumwa kwa mkono, na alikunywa chai bila sukari. Alikuwa na ugonjwa wa sukari kwa miaka mingi. Kila mtu kiwandani alijua, na kwa kuwa kila mtu alijua, hakuna aliyeuuliza tena. Idara yetu ilikuwa sisi wawili, chumba kisicho na dirisha, na seva moja, kompyuta kuu ya kuhudumia nyingine zote, iliyovuma kutwa kucha kwenye kona. Nilitoka chuo nikiwa najua maneno mengi na kazi kidogo. Yeye ndiye aliyenionyesha jinsi ya kubana waya, jinsi ya kumsikiliza mtu anayesema kompyuta yake imekufa, na jinsi ya kutomcheka.

Miaka hiyo ya tisini, kompyuta zetu hazikupata anwani zenyewe. Kila kompyuta iliyo kwenye mtandao lazima iwe na namba yake, ili nyingine zijue pa kuipata, na namba hiyo mtu aliiandika kwa mkono. Ulikwenda kwenye meza ya karani, ukamwomba anyanyuke, ukaketi kwenye kiti chake ambacho bado kina joto, ukaandika. Kompyuta mbili zikipewa namba moja, zinagongana. Ujumbe unatokea kwenye skrini na mmojawapo wa makarani anajikuta ametupwa nje, hawezi kuchapisha wala kufungua faili.

Kwetu hazikugongana, kwa sababu namba zote zilikaa kichwani mwa Mwalimu. Alijua kwamba meza ya mishahara ni kumi na mbili, na stoo ni ishirini na nne, na yule dada wa mapokezi anayependa kuhamisha meza yake ni thelathini. Niliwahi kumwuliza kwa nini haziandiki popote.

"Wewe majina ya ndugu zako umeyaandika wapi?" akaniuliza.

Siku moja tulikuwa tunaweka kompyuta mpya kwenye maabara ya kiwanda. Aliketi, akaisogeza pua yake mpaka karibu iguse kioo, akakaa hivyo. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida, bila kugeuka, "Nisomee hapo chini pameandikwa nini."

Nilisoma. Akaandika. "Na hapo?" Nikasoma tena. Tulimaliza kompyuta ile hivyo, na hakuna aliyesema lolote mpaka tuliporudi chumbani kwetu na mlango ukafungwa. Ndipo aliponiambia kwamba jicho la kushoto lilikuwa limekwisha tangu mvua zilizopita, na la kulia lilikuwa linaona kama mtu anayetazama kupitia chupa ya kahawia.

"Umemwambia daktari?"

"Nimemwambia. Mishipa ya nyuma ya jicho imepasuka. Anasema nilichelewa." Akatoa kitambaa chake, akakikunja, akakirudisha mfukoni. "Usiseme kwa sasa."

Sikusema. Lakini haikuhitaji mtu aseme. Katika muda usio mrefu alianza kugonga milango iliyofunguliwa nusu, na akina mama wa kupakia sabuni wakawa wanamshika mkono kuvuka uwanja, naye akiwaachia. Mwishowe Madam alimwita. Madam alikuwa mke wa mtoto wa mwenye kiwanda, mwanamke wa Kihindi aliyezaliwa hapohapo Thika, na ndiye aliyesimamia ofisi. Kikuyu chake kilikuwa safi, na hakuwa mtu wa kuzungusha maneno. Alimwambia Mwalimu aende nyumbani apumzike, kazi yake ipo, na mimi nitashika mahali pake mpaka hali ijulikane. Mwalimu alishukuru. Nilimsindikiza mpaka getini, ambako mke wake alikuwa anamngoja. Hakunipa maagizo yoyote. Aliuliza tu kama nimefunga mlango wa chumba cha seva.

Baada ya hapo ndipo watu wa Ruiru walipokuja.

Ofisi ya mauzo ilikuwa Ruiru, kwenye jengo la kukodi lenye ghala nyuma yake. Mwenye jengo alitaka jengo lake, na kampuni ikaamua kwamba wote wahamie Thika, pamoja na meza zao, kabati zao na kompyuta zao. Mtandao wa Ruiru aliuunganisha Mwalimu mwenyewe miaka michache kabla, na kompyuta za huko alizipa namba zilezile alizozipa za Thika. Halikuwa kosa. Mitandao hiyo miwili haikuwa na waya wowote kati yake, na hakuna aliyewahi kufikiri kwamba siku moja itakaa chini ya paa moja.

Asubuhi ya kwanza, karani wa mauzo aliwasha kompyuta yake, na upande wa pili wa ukuta mtu wa hesabu akapiga kelele, "Haiya! Nani amenitoa?" Kabla sijafika kwake, mapokezi pia walikuwa wanaita. Kisha stoo. Nilikimbia kutoka meza hadi meza, nikibadilisha namba hapa, na namba ile niliyoipachika ikawa ni ya mtu mwingine kule. Kufikia saa nne watu wa Thika walikuwa wamesimama kwenye korido wakiwatazama watu wa Ruiru kama wageni waliokuja na kunguni.

Nilikwenda kwenye simu ya mezani nikapiga nyumbani kwa Mwalimu. Alipokea mwenyewe.

"Mwalimu, ni mimi. Za Ruiru zimegongana na za huku."

"Najua. Nimekuwa nikikungoja tangu saa mbili," akasema. "Nani amemgonga nani?"

Nikamwambia. Akaanza kunipa namba, moja baada ya nyingine, meza baada ya meza, kana kwamba anatembea kwenye korido ile na mkono wake ukigusa ukuta. Yule wa mauzo mpe hamsini na tatu. Stoo usiiguse. Printa kubwa ina yake, isihamishwe kabisa. Nilikwenda, nikafanya, nikarudi kwenye simu. Kufikia chakula cha mchana watu walikuwa wanafanya kazi.

Lakini haikuisha. Watu wa Ruiru hawakupenda walikowekwa, wakahama vyumba. Kompyuta mbili zilizokuwa kwenye maboksi zikatolewa. Meneja mmoja akaomba kompyuta ya nyumbani kwake iunganishwe. Kila jambo kama hilo lilileta mgongano, na kila mgongano nilimpigia Mwalimu. Nilizoea kumsikia akisema, "Nani amemgonga nani?" na nilidhani anazoea pia. Sauti yake kwenye simu ilikuwa na nguvu kuliko ilivyokuwa wiki zake za mwisho kiwandani.

Madam aliniita. "Tutampigia mtu mgonjwa mpaka lini?" akauliza.

"Yeye hajali, Madam."

"Mimi najali," akasema.

Jumamosi nilikwenda Kamenu, nyumbani kwa Mwalimu. Nilikuwa nikiishi kwetu Murera wakati huo, na nilimpelekea ndizi kutoka shambani, za kupika, kwa kuwa sikujua ni matunda gani anaruhusiwa. Mke wake alikuwa mwalimu wa nasari, mwanamke mdogo wa umbo mwenye macho yaliyochoka. Alizipokea ndizi, akanionyesha kiti, akaenda jikoni. Mwalimu alikuwa ameketi karibu na dirisha akiwa amevaa viatu vyake vya kazi, vimepigwa rangi.

Hakunipa hata nafasi ya kumaliza salamu. "Tuipe seva kazi ya kugawa namba," akasema.

Nilijua anachosema. Kulikuwa na programu ndani ya seva yetu ambayo hatukuwahi kuiwasha. Unaitengea fungu la namba, unaiambia ni zipi isiguse, kisha kompyuta yoyote ikiwashwa inapaza sauti kwenye mtandao ikiomba namba, na seva inaikopesha moja iliyo huru kwa siku kadhaa. Mtu haendi kwenye meza. Hakuna anayenyanyuliwa kitini. Hakuna anayehitaji kukumbuka.

"Hapana," nikasema.

Aligeuza uso wake upande wangu. "Hapana kwa nini?"

"Kwa sababu sasa hivi wanakuhitaji, Mwalimu. Tukiwasha hiyo, nani atakupigia?"

Nilikuwa sijalifikiria jambo hilo sawasawa mpaka nilipolisema. Mke wake aliingia na chai, akasimama na birika mkononi. Mwalimu alinyoosha mkono akapapasa meza, akapata kikombe chake.

"Unafikiri nikipigiwa simu ndio nitaona?" akaniuliza.

Mke wake akanimiminia chai.

"Ruiru niliiunganisha mimi. Thika niliiunganisha mimi. Zimegongana mikononi mwangu. Nataka nizipatanishe mimi, halafu niondoke. Sitaki kukaa hapa nikingoja vitu viharibike ndiyo nipate mtu wa kuongea naye." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Basi Jumamosi ijayo uje na kile kitabu cha seva."

Mke wake alinisindikiza mpaka kwenye geti. Alishika komeo bila kulifungua. "Mkimaliza hiyo kazi yenu, utakuwa unakuja bado?"

"Nitakuja, Mama."

"Watu wa kanisa pia walisema hivyo," akasema, akafungua.

Kitabu kilikuwa kinene, cha Kiingereza, chenye herufi ndogo. Nilikwenda nacho Kamenu Jumamosi kadhaa. Tuliketi barazani, mimi nikisoma, yeye akisikiliza na mikono yake imelala juu ya magoti. Alikuwa mkali kama alivyokuwa darasani, nadhani. Nikisoma haraka alisema "Rudia." Nikifika mahali ambapo sielewi na kujaribu kupita, alijua kwa sauti yangu, akasema "Rudia" tena. Mara moja nilifika kwenye mchoro, nikaanza kuueleza: kuna kisanduku hapa, na mshale unakwenda kule. Alinyanyua kiganja. "Picha ruka."

Nikaruka. Tulisoma kurasa mbili au tatu zilizofuata. Kisha akasema, taratibu, "Hebu rudi kwenye ile picha." Nikarudi, nikamweleza mchoro mzima, kila kisanduku na kila mshale, na aliitikia kwa kichwa kila mara kuonyesha kwamba amekiweka mahali pake. Mke wake alikuwa amekaa mlangoni akisahihisha michoro ya watoto wake wa nasari, na nilimwona akiacha kalamu na kumtazama.

Tulichagua siku ambayo ofisi haina watu. Madam mwenyewe alikuja kutufungulia, akakaa kwenye ofisi yake na mlango wazi. Mwalimu alifika ameshikwa mkono na mke wake, akiwa na tai. Getini alisimama, akavuta hewa ile ya mafuta na magadi ambayo sisi wengine tulikuwa hatuisikii tena. Kisha akauachia mkono wa mke wake, akauweka wake begani mwangu, tukaingia.

Chumbani kwetu alipapasa meza yake ya zamani. Nilikuwa nimeiacha kama ilivyokuwa. Aligusa seva kwa kiganja chote, kwa muda, namna mtu anavyopima homa.

"Kaa wewe," akaniambia. "Mimi nitasimama."

Nikaketi mbele ya skrini, naye akasimama nyuma yangu, mkono mmoja kwenye egemeo la kiti. Nilisoma kila kilichotokea. Kila dirisha lililofunguka, kila swali programu ililouliza, nilimsomea kwanza, na sikubonyeza kitu mpaka aseme. Ilikuwa polepole. Programu iliuliza fungu la namba lianzie wapi, akaniambia. Liishie wapi, akaniambia. Kisha akanitajia namba za kutengwa, ambazo seva haitaruhusiwa kumkopesha yeyote: ya seva yenyewe, za printa, ya mashine ya kupima malori pale getini.

"Hizo zitabaki vilevile?" nikauliza.

"Hizo zitabaki. Kitu kinachotafutwa na kila mtu hakihamihami."

Tulipomaliza, nilitoka kwenda kwenye kompyuta za makarani. Kila moja ilibidi niifute namba yake ya zamani, niichagulie kuomba namba yenyewe, kisha niizime na kuiwasha upya. Nilianza na ya mapokezi. Ilipowaka, nilifungua kidirisha cha kuonyesha namba. Hapakuwa na namba. Palikuwa na sifuri tupu, mstari mzima. Nikajaribu ya mishahara. Sifuri.

Nilirudi chumbani. Madam alikuwa amekuja mlangoni.

"Imekataa," nikasema. "Zinaomba lakini hazijibiwi."

Nilitarajia Mwalimu aulize maswali mengi. Alisimama tu, kichwa chake kimeinama kidogo upande wa seva kana kwamba inamnong'oneza.

"Kaa," akasema. "Nisomee ukurasa wa kwanza wa programu. Usisome maneno. Niambie unaona nini."

"Naona jina la seva. Chini yake kuna lile fungu letu la namba. Kando yake kuna kichoro kidogo."

"Kichoro cha nini?"

"Cha balbu."

"Ya rangi gani?"

Nilisogea. "Kijivu."

Alivuta pumzi. "Basi haijawaka. Tumeitengea namba lakini hatujairuhusu kugawa. Kwenye kitabu ilikuwa mwisho wa ukurasa, ulisoma ukiwa na haraka ya kwenda nyumbani." Nilisikia tabasamu kwenye sauti yake, la kwanza siku hiyo. "Iruhusu."

Nilitafuta kwenye menyu, nikabonyeza. Balbu ile ndogo ikageuka kuwa ya njano.

"Imewaka," nikasema.

Nilipogeuka, alikuwa ameinua uso juu, macho yamefunguka kabisa, yanaangalia dari.

Nilikwenda mapokezi, nikaizima kompyuta, nikaiwasha. Safari hii namba ilikuwepo. Nikampazia sauti kutoka kule. Nikaenda ya mishahara, ikapata. Ya hesabu, ikapata. Za Ruiru, zilizokuwa zimetusumbua wiki zote hizo, ziliomba na kupewa bila kelele, kila moja yake. Madam alikuwa akitembea nyuma yangu na kushika mikono yake pamoja kifuani. "Ndiyo hivyo tu?" aliniuliza. "Ndiyo hivyo tu, Madam."

Niliporudi, Mwalimu alikuwa amepata kiti, ameketi. Akauliza, "Mapokezi imepewa ngapi?"

Nikamwambia.

Alikunja uso. "Hiyo ilikuwa ya maabara." Akangoja. "Na mishahara?"

"Ishirini na nne."

"Hapana, ishirini na nne ni stoo," akasema haraka, kwa ile sauti ya kwenye simu. Kisha akanyamaza. Nilielewa naye alielewa kwa wakati mmoja. Stoo haikuwa tena ishirini na nne. Kesho kutwa ingekuwa kitu kingine, na wiki itakayofuata kingine. Korido ile aliyokuwa akiitembea kichwani mwake, meza baada ya meza, nilikuwa nimeifuta mimi kwa vidole vyangu, kwa maagizo yake.

"Mauzo?" akauliza, kwa sauti ya chini zaidi.

Nilimwambia. Akaitikia kwa kichwa. Hakuuliza nyingine.

Mke wake alikuja, akamrekebisha tai, ingawa haikuwa imepinda. Madam alimshukuru kwa Kikuyu, kwa maneno mazuri na marefu, akiwa ameishika mikono yake yote miwili, na Mwalimu akamjibu kwa heshima. Gari la kampuni liliwapeleka Kamenu. Mimi nilibaki kuzima taa.

Wiki iliyofuata simu haikulia nyumbani kwao. Nilijua kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa napiga. Watu wa Ruiru walihama vyumba watakavyo. Hakuna aliyemgonga mwenzake. Kwenye chai ya saa nne walianza hata kukaa meza moja na watu wa Thika.

Jumamosi nilikwenda Kamenu bila kitabu. Nilibisha, na mke wake akanitazama kidogo kabla ya kunikaribisha. Nilikaa kwenye kiti kilekile. Mwalimu aliuliza hali ya kwetu, nikasema nzuri. Aliuliza mvua Murera imeanza, nikasema bado. Tulinyamaza. Kwa muda wote niliomfahamu, hatukuwahi kukaa pamoja bila kitu kilichoharibika katikati yetu, na hakuna kati yetu aliyejua kinachofuata. Mwishowe alisema, "Hebu niambie kuhusu mama yako. Nimefanya kazi na wewe miaka yote hii na sijui mama yako anafanya nini."

Nikamwambia. Nikakaa mpaka jua likaelekea kuzama. Jumamosi nyingine nilirudi, na nyingine. Zingine sikuweza.

Madam alikuwa mtu wa neno lake. Alimpa Mwalimu kazi ya swichibodi, kupokea simu za kiwanda na kuziunganisha. Siku hizo ofisi nyingi ziliajiri watu wasioona kwa kazi hiyo, na waliifanya vizuri. Mwalimu alikataa. Nilikuwepo alipomjibu. Alisema yuko tayari kujifunza kazi hiyo, lakini si mahali ambapo watu walizoea kwamba yeye ndiye anayewashika wao mkono. Nilifikiri Madam ataudhika. Alisema tu, "Ningekuwa wewe, nami ningekataa." Kiwanda kilimwandalia chai ya kumuaga, na akina mama wa kupakia sabuni waliimba, na yeye alisimama katikati ya duara lao akipiga makofi, akigeukia kila sauti.

Alikwenda chuo cha watu wazima wasioona, mbali kidogo na nyumbani. Mke wake alibaki na watoto wa nasari. Nilipita kumwona mara kadhaa, kisha na mimi nikaolewa nikahama Murera, na zile Jumamosi zikaniponyoka.

Kabla muongo ule haujaisha, nilipiga simu kwenye ofisi moja ya Ruiru kuulizia vipuri. Ilipokelewa mlio wa kwanza. Sauti ya mwanamume ilitaja jina la ofisi na kuuliza, kwa adabu, anisaidie nini.

Nilisema ninamtafuta mtu wa mauzo.

"Rudia," akasema.

Nililia kabla sijaweza kusema kitu. Yeye alinisubiri. Akaniuliza kama nina watoto, nikasema mmoja. Nikamwuliza kuhusu afya.

"Kidole cha mguu wamekikata," akasema. "Wanasema huenda wakarudia. Lakini nakuja kazini. Mke wangu ananileta asubuhi, jioni narudi na jirani."

"Pole sana, Mwalimu."

"Nimeshapoa. Wewe mlete huyo mtoto Kamenu siku moja, Mama atafurahi. Anakuuliza."

Nikamwambia nitamleta, na nilimpeleka, Jumapili iliyofuata, Mwalimu akapapasa uso wa mtoto wangu mpaka mtoto akapiga chafya, na sote tukacheka. Tulikuwa na miaka michache ya Jumapili za aina hiyo kabla figo zake hazijashindwa. Lakini siku ile ya simu kulikuwa na laini nyingine inalia nyuma yake, na nyingine tena.

"Ngoja kidogo," akaniambia. "Kuna watu."

Nikangoja.